Kompyuta Iliyokaa Eda

Marehemu Agyenim Baffoe alikuwa mtu wa kawaida kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: aliota ndoto nzuri kuliko mtu mwingine yeyote pale Mampong, mji wa mlimani kule Ghana, na alilijua hilo. Mchana alichambua barua za watu posta, kazi isiyompa mtu nafasi kubwa ya kujivuna. Lakini alfajiri, kabla hajasukutua, aliketi mbele ya kompyuta, akakisogeza kipaza sauti chenye shingo nyembamba kama ya kifaranga, akaisimulia ndoto yake ya usiku ule. Mama yake alimfundisha tangu utotoni kwamba ndoto ikisimuliwa kabla kinywa hakijaguswa na maji haichachi. Agyenim hakuwahi kukutana na ushahidi wa kupinga.

Mkewe, Adwoa Frema, wakati huo alikuwa jikoni akikoroga uji mkali wa mahindi, na katika miaka yote hiyo hakuisikiliza ndoto hata moja mpaka mwisho. Si kwamba alizichukia. Alizichukulia kama wake wengine wanavyoyachukulia magari mabovu ya waume zao: madhali yako uani na hayamwagi oili sebuleni, basi.

Kisha Agyenim akafa, tena usingizini, kifo ambacho kila mtu alikubali kwamba kilimfaa. Ndoto ya mwisho hakuisimulia. Katekista Amponsem, akihubiri kaburini, alisema ndugu yetu hakufa, amelala tu. Waombolezaji wakaitikia amina. Frema, aliyemjua mtu wake, akaongeza kimoyomoyo: na anaota.

Siku ya arobaini alikuja Eno Konadu, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye mabega ya mlango na msimamo wa kizingiti. Alipita nyumba nzima akikivisha nguo ya msiba kila kitu ambacho mikono ya ndugu yake ilikipenda: kiti chake cha kuegemea, fimbo yake, na kompyuta. Kompyuta ilipata joho zito jekundu na jeusi, likashonewa pembeni likakaa sawasawa, yakaachwa wazi matundu mawili tu: kioo, na pale mbele ya sanduku ambapo trei ya sidii hutokeza.

"Mjane hukaa mwaka," alisema Konadu, akikata uzi kwa meno. "Na hii itakaa mwaka. Aliongea nayo kuliko alivyoongea na wewe, wifi yangu."

Frema hakubisha. Lilikuwa jambo la takwimu tu.

Hivyo ndivyo mle sebuleni walivyokaa eda wawili, mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani na mwingine mwenye kioo. Aliyefurahia mpango huo peke yake ni paka. Jina lake lilikuwa Nani-Ajuaye, kwa kuwa watu wa pale huwapa wanyama wao majina ya kuwajibia majirani wambea. Miezi ya mwanzo paka huyo hakuijali kompyuta. Lakini ilipowadia harmatani, ule upepo wa jangwani unaoteremka na vumbi laini kama poda, asubuhi za kule juu mlimani zikawa za kutetemesha meno, na Nani-Ajuaye akahamia juu ya lile sanduku lililovikwa joho, akajikunja, akafumba macho, akawa kama sehemu ya msiba.

Harmatani ile ndiyo iliyomleta Nsiah.

Nsiah alikuwa mwana wa Konadu, na kwa kuwa kwao mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa mrithi wa Agyenim. Alikuja kutoka Takoradi kupanga mambo ya kumaliza mwaka, akaingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mke wangu!" aliita mlangoni. Mpwa mrithi ana haki ya kumwita hivyo mke wa mjomba wake, na Nsiah hakuwa mtu wa kuiacha haki ilale bure. "Mke wangu, mbona huji kunipokea?"

"Mkeo nani? Futa kwanza kamasi."

"Haya, nimefuta. Umenipikia nini?"

"Nimekupikia subira. Kaa chini."

Aliketi, akala viazi vikuu na mchuzi wa majani kwa bidii ya mume halali, kisha akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kusema jambo la ukoo. Alikuwa anafungua kibanda cha kuwaandikia watu barua kule Takoradi. Kompyuta ilikuwa mali ya mjomba, kwa hiyo sasa ni yake. Jumamosi ya kumaliza mwaka, watu wakishakula, ataipakia garini aondoke nayo.

"Na zile ndoto zilizomo?" Frema aliuliza.

"Ndiyo maana nakwambia mapema, Mama." Akiwa mkweli alimwita Mama. "Fundi wangu anasema imejaa. Ataifuta yote, ianze upya kama mtoto mchanga. Zitoe wewe kwanza. Zichome kwenye sidii, mjomba si alikuwa akichoma nyimbo za kwaya? Au niache nikuchomee mimi kule, kabla hajafuta. Nakuahidi."

Frema alimtazama kwa upendo. Nsiah alikuwa mtu wa ahadi, alizitoa nyingi. Paa la jiko la Frema lilikuwa limeezekwa kwa mojawapo, na lilivuja.

"Nitachoma mwenyewe," alisema.

Mpaka hapo ilikuwa shughuli tu. Ikawa jambo la moyo siku ya pili yake, alipoiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaketi kwenye ukingo wa kiti, akafungua ndoto moja bila kuchagua.

Sauti ya Agyenim ilitoka ikiwa na usingizi bado, kavu, isiyo na haraka. Alikuwa posta, alisema, lakini posta yenyewe ilikuwa chini ya ziwa, na barua zilikuja zikiogelea. Kila barua ilisimama dirishani, ikafungua mdomo, ikataja jina la mwenyewe. Moja haikutaja jina. Akaiuliza, wewe ni ya nani? Ikasema, mimi ni ya mtu asiyejua kusoma, nifungue taratibu, usinitie hofu. Basi akaifungua taratibu, na ndani mlikuwa na mvua kidogo, ya kutosha bustani moja.

Ndoto ikaishia hapo. Kisha kwa mbali, nyuma ya ukuta na moshi wa kuni, mwanamke akapiga kelele:

"Agyenim! Uji unapoa!"

"Nakuja," akajibu Agyenim, na kukawa na mlio mdogo wa kuzima.

Frema akafungua nyingine. Hii ilikuwa ya mawingu yaliyokataa kupeana njia pale mzunguko wa Kumasi, kwa sababu moja lilidai ni la chifu. Ilipoisha: "Agyenim! Uji unapoa!" Akafungua ya tatu, ya nne. Mwisho wa kila moja palikuwa na yeye, mwanamke mwenye mwiko, ambaye kwa miaka yote hiyo hakujua kwamba anarekodiwa, na ambaye alisikika, ilibidi akubali, kama mtu anayefukuza mbuzi.

Tangu siku hiyo hakutaka tena ndoto za mumewe tu. Alizitaka mpaka mwisho.

Sasa, kuchoma sidii si kazi ngumu. Marehemu alimfundisha mara moja, mvua ilipomzuia kwenda popote: unaweka sidii tupu kwenye trei, unaisukuma ndani, unachagua unachotaka, unabonyeza, unaacha. Hilo la mwisho ndilo gumu. Frema alipanga ndoto za mwanzo, akabonyeza, akaacha. Kioo kilijaza mstari wa buluu polepole. Baadaye, kama kilivyozoea kikiachwa bila kuguswa, kioo kikageuka maji, na samaki wa rangi wakaanza kupita, mmoja baada ya mwingine, wasio na pa kwenda. Agyenim aliwapenda samaki hao. Alisema ndio watu pekee wa pale Mampong wasiouliza barua yao iko wapi. Frema akawatazama mpaka kope zikawa nzito. Ndani ya joho sidii ilizunguka ikivuma, ule mvumo wa nyuki walioridhika.

Kisha mvumo ukabadilika. Ukapanda, ukashuka, ukakwama. Samaki wakatoweka, kidirisha chenye maandishi kikatokea, na trei ikajitokeza yenyewe kama ulimi wa mtoto mtukutu. Sidii ilikuwa ya moto kidogo, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Akaweka nyingine. Trei ikamtolea ulimi tena.

Kompyuta hiyo ilitumwa na binamu aliyekuwa akiishi Hamburg, na ilisema Kijerumani tu. Agyenim aliizoea kwa kukariri mahali pa kila kitu, kama kipofu na nyumba yake. Frema hakuwa na uzoefu huo, kwa hiyo akamwita Katekista Amponsem, mstaafu, mtu pekee wa mtaani aliyejua Kijerumani. Alikipata chote kwenye vitabu vya zamani vya nyimbo za misheni; alikuwa imara sana katika mambo ya wokovu, dhaifu kidogo katika mambo ya umeme.

Alivaa miwani, akainama mbele ya kidirisha, akasoma kwa midomo.

"Inasemaje, Mwalimu?"

"Inasema kuna kosa."

"Kosa gani?"

"Haisemi."

"La nani?"

"Binti yangu, kama ingekuwa inajua hilo, isingekaa hapa na wewe. Ingeajiriwa mahakamani."

Lakini Katekista alikuwa na akili ya utaratibu, na alikuwa na muda, vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana. Alitangaza kwamba kosa linatafutwa kama mwizi: unamtoa nje kila aliyemo ndani, mmoja mmoja, mpaka abaki yeye. Walianza na sidii zenyewe. Zile za sokoni zilikuwa na mgongo wa kibuluu, nyembamba, za bei ya karanga. Wakatafuta nyingine zenye mgongo wa dhahabu, zilizokaa dukani zikiheshimiwa. Trei ikazitema vilevile. Wakashuku vumbi la harmatani: Frema akafunga kitambaa laini kwenye kijiti, akalipangusa lile jicho dogo linalosoma na kuandika, huku Katekista akishika tochi na pumzi. Sidii iliyofuata ikaenda mbali kidogo, wakapeana mikono, ikakwama.

Wakashuku umeme. Nyumba ya tatu palikuwa na mashine ya kusaga, na ilipoanza kuguruma taa zote za mtaa ziliinama kama waumini. Wakachoma wakati imezimwa. Ulimi. Wakashuku samaki. Katekista alieleza kwamba huenda kompyuta haiwezi kuogelea na kuandika kwa wakati mmoja. Frema alipapasa kwa Kijerumani mpaka akapata mahali pa kuwazima, na alipobonyeza wakaondoka wote kwa mpigo, maji na mawe yake, kikabaki kioo cheusi chenye uso wake mwenyewe ndani. Akaona amefanya ukatili. Ulimi.

"Mwendo," alisema Katekista hatimaye. "Tunaikimbiza. Ipunguzie mwendo, iandike polepole, kwa mwandiko mzuri."

Ushauri wa Katekista ulikuwa mwema kabisa, isipokuwa ulifanya mambo yawe mabaya zaidi. Ilipoandika polepole ilikwama mapema kuliko ilipokimbia. Mzee alivua miwani, akaikunja.

"Hili," alikiri, "halimo kwenye nyimbo."

Moja ya sidii zile zilizokwama ilikubali kuchezwa kwenye redio ya jikoni. Frema aliisikiliza akiwa amesimama. Agyenim alikuwa anapanda ngazi, alisema, ngazi zenyewe zilikuwa za unga wa muhogo, na juu kabisa palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu alikuwa akiimba, naye akaujua wimbo ule, akanyoosha mkono ili... Kisha redio ikatoa sauti ya kukaanga, ikanyamaza. Frema alisubiri. Hakuna aliyemwita mtu kwenye uji.

Jumamosi ilikuwa inakuja na miguu yake yote miwili.

Sidii zilizoharibika hakuzitupa. Alizitoboa, akazitundika kwa uzi kwenye bustani ya bilinganya nyuma ya jiko, ndege waogope. Alizitundika kwa mpangilio wa zilivyoharibika, kwa kuwa alikuwa amekaa mno na mchambuzi wa barua. Alasiri hiyo, baada ya mlango wa unga wa muhogo, alitoka akakaa kwenye kigoda katikati ya bilinganya. Hewa ilikuwa na rangi ya maziwa. Jua lilining'inia lisilo na miale, unaweza kulitazama kama unavyomtazama mgeni aliyesinzia. Sidii zilizunguka polepole, hii kushoto, ile kulia, na vipande vya upinde wa mvua vikatembea ukutani, vikapanda kuni, vikapita juu ya magoti yake meusi, vikarudi. Hakuna ndege hata mmoja aliyeogopa. Wawili walikuwa wamekaa juu ya uzi wakitazama.

Frema naye akatazama, macho nusu yamefumba, bila kufikiri chochote, hali ambayo marehemu aliisifu kila mara na yeye kila mara aliiita uvivu. Na ndipo alipoziona pete.

Sidii ikichomwa hubadilika rangi kuanzia katikati kwenda nje, kidogo tu, kama nguo iliyolowa. Kila sidii pale uzini ilikuwa na pete ya kivuli ikionyesha mahali ilipokwama. Hii pete pana, zile nyembamba, hii pana tena. Alizifuata kwa kidole hewani. Ile pana ilichomwa asubuhi, bado ameshika shuka mabegani. Ile nyembamba, mchana. Ile nyembamba zaidi, mchana wa mashine ya kusaga kuzimwa, joto likiwa kali na milango imefungwa. Pana, asubuhi. Ile ya mwendo wa polepole, ambayo ilikaa ndani muda mrefu kuliko zote kabla ya kusogea popote, pete yake ilikuwa kama uzi.

Sidii haikuwa inachagua ndoto. Ilikuwa inachagua saa.

Upepo ukatulia, vipande vya upinde vikasimama ukutani. Kimoja kilikuwa dirishani, na ndani ya dirisha, juu ya sanduku lililovikwa joho, Nani-Ajuaye alikuwa amelala chali, miguu minne juu, tumbo wazi, kama mtu aliye ufukweni.

Frema akaingia ndani, akamwondoa paka, akauweka mkono pale alipokuwa amelala. Kisha akauingiza mkono chini ya joho. Palikuwa na homa. Huko nyuma, ambako mashine hiyo hupumulia, Konadu alikuwa amekunja kitambaa mara mbili, kwa heshima.

"Maskini," alisema Frema. "Kumbe wewe pia."

Alijua anachosema. Alikuwa ndani ya nguo nyeusi mwaka mzima, jua la saa sita likimchemsha, na hakuna Mjerumani aliyetokeza kidirisha kusema kuna kosa.

Konadu alikuja siku ya Alhamisi kuhesabu viti vya wageni. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, akatikisa kichwa kabla hayajaisha.

"Nguo inatoka Jumamosi."

"Jumamosi mwanao anaichukua, wifi."

"Ndiyo. Inatoka Jumamosi, inachukuliwa Jumamosi. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba ikiwa na nguo haichomi, na ikishavuliwa haipo."

"Ndiyo nini hiyo kuchoma, kuchoma? Tumezika mtu vizuri, wewe kila siku unachoma." Konadu alivuta kiti, akaketi juu ya hoja yake. "Frema, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini ndugu yangu ana mfiwa mmoja tu wa kumlilia mle ndani ya nyumba asiyekula wala kusema uongo, ndiye huyo. Leo umvue kwa sababu anasikia joto? Wewe husikii joto?"

"Nasikia."

"Umevua?"

Frema alitaka kusema la. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na kitu kingine kikatoka.

"Navua kila siku," alisema. "Asubuhi na jioni. Naoga."

Konadu akainua macho.

"Tena mara ya kwanza uliniogesha wewe mwenyewe," Frema aliendelea, sasa akijua anakoelekea, na akienda huko kwa adabu zote. "Ulisimama pale na kata ya maji. Ulisema mjane asipooga marehemu hukimbia harufu. Mimi nimeoga mwaka mzima, wifi yangu. Huyu mwenzangu je? Mwaka mzima, na harmatani hii? Mtazame vumbi lilivyo. Jumamosi wageni wakimwona, watasema ni ukoo gani huu?"

Pale Mampong mtu anaweza kuishi na dhambi, na wengi huishi nazo vizuri, lakini hakuna anayeweza kuishi na wageni kusema ni ukoo gani huu. Konadu alilitazama joho. Akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole.

"Kuoga," alisema polepole.

"Kuoga tu. Akimaliza anavaa."

"Anayeogeshwa lazima asimamiwe na mwanamke mtu mzima wa ukoo wa marehemu."

"Ndiyo maana nimekungoja wewe."

"Na mlango ufungwe."

"Ufungwe."

Konadu akachomoa wembe kitambaani. "Mficha uchi hazai," alisema kwa sauti ya mtu aliyefikia uamuzi huo peke yake, akaufumua mshono.

Walimtoa Katekista nje, aliyekuwa amekuja kuulizia habari za zile pete za sidii, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa ukoo. Walilikung'uta joho uani. Walilifungua lile sanduku ubavuni, na vumbi lililokuwa ndani lilikuwa laini, la kijivu, limelala juu ya kila kitu kama ukungu wa asubuhi juu ya bonde. Frema alilifagia kwa unyoya wa kuku. Konadu alipuliza pale penye pangaboi dogo kwa kipepeo cha mkaa, mpaka likazunguka lenyewe kwa aibu. Kisha wakaliacha wazi, utupu wake wote wa nyaya nje, wakafungua dirisha upepo upite, wakafunga mlango, wakaketi.

Frema akaweka sidii yenye mgongo wa dhahabu. Akabonyeza. Akawarudisha samaki, kwa kuwa walikuwa wameonewa.

Wakati mashine inaandika, inasikika tu ikivuma. Hivyo sidii ya kwanza ilipojaza mstari wake wa buluu mpaka ukingoni, ikatokeza trei pole pole, bila kebehi, na kidirisha kikasema jambo ambalo lazima lilikuwa jema, Frema aliichukua kwa ncha za vidole akaipeleka kwenye redio, kuhakikisha. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.

Agyenim akaanza kusema. Konadu, ambaye hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mwaka uliopita, akashika ukingo wa kiti.

Alikuwa sokoni, alisema Agyenim. Mama yao alikuwa amekaa pale pale pake pa zamani, karibu na wauza chumvi, lakini hakuuza kitunguu. Aliuza vivuli. Alivipima kwa kopo, akijaza mpaka juu na kuongeza kidogo kama alivyozoea. Watu walinunua vya watoto wao, vya mibuyu, vya farasi. Nami, sauti ikaendelea, nikasema, Mama, nipimie na mimi. Akanitazama. Akasema, wewe huna adabu, unakuja sokoni kununua kitu ambacho kiko nyumbani? Kivuli chako nilimwachia dada yako akutunzie, kwa sababu wewe ungekipoteza. Nikamwambia, lakini Konadu hajawahi kunionyesha. Akasema, hajui kama anacho. Anadhani ni ukali.

Frema aliangalia pembeni, kama inavyotakiwa mtu anapoogeshwa.

"Agyenim! Uji unapoa!" ilisema redio.

"Nakuja."

Konadu alijifuta uso kwa ncha ya lile joho, lililokuwa magotini mwake. Samaki walikuwa wakivuka kioo, wa njano, wa michirizi, yule mkubwa mwenye mdomo wa kulalamika.

"Hajatakata bado," alisema Konadu.

"Nani?"

"Huyu." Alielekeza kidevu kwenye kompyuta iliyo uchi. "Vumbi la mwaka mzima halitoki kwa maji ya mara moja. Mwogeshe tena. Na hiyo ya vivuli nitolee yangu."

Iliogeshwa Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa mpaka jua likawa la kutazamika. Katekista aliruhusiwa kukaa barazani, akipokea habari kupitia dirishani na kusema haleluya kwa kila sidii, ile ya kwanza kwa Kijerumani. Nani-Ajuaye alizunguka sebule nzima akitafuta mahali penye joto, hakupata, akaondoka kwa hasira akalale kwa majirani. Ijumaa jioni Konadu akamvisha yule mjane mwenzake Frema joho lake, akashona upya, mshono wa haraka usiozidi usiku mmoja.

Jumamosi mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Frema alitoka amevaa nyeupe, akajisikia mwepesi na baridi, kama nyumba iliyohamwa. Joho lilivuliwa rasmi mbele ya wazee. Wageni walisifu jinsi kompyuta ilivyotunzwa. Konadu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyependa sifa. Watu wakala. Nsiah akaipakia garini, akaifunga kamba, akarudi kuaga.

"Basi, mke wangu. Nimekuachia nini sasa?"

"Umeniachia paa linalovuja."

"Nitalitengeneza. Nakuahidi."

"Najua," alisema Frema, akamfuta vumbi kwenye nyusi.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na ukungu na baridi. Alichagua sidii moja bila kutazama, akaipeleka redio sebuleni akaiweka juu ya meza tupu, pale ambapo mraba wa mbao ulikuwa bado mweusi kuliko kwingine, akaiacha iseme. Yeye akaenda jikoni. Ukuta ulikuwa katikati yao, na moshi, na sauti ya Agyenim ikamfikia vipande vipande kama zamani: ngazi za unga, mlango, mtu akiimba. Safari hii mkono ulifika. Mlango ukafunguka, na kilichokuwa nyuma yake Frema hakukisikia vizuri, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na ilimbidi apulize. Hakujali. Kulikuwa na kesho.

Akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, akiwaza vitu visivyo na umbo, mpaka mwanamke mmoja alipopiga kelele kutoka sebuleni kama anayefukuza mbuzi:

"Agyenim! Uji unapoa!"

Frema akashtuka, akachungulia sufuria. Uji ulikuwa unapoa kweli.

"Nakuja," akajibu Agyenim, na kama ilivyokuwa desturi yake miaka yote, hakuja.